Jirani kalipa kodi ya miezi 6 na anavuta sigara chumbani kwake. Nani amzuie?

Wadau, naomba tulijadili hili. Nyumba ninayopanga Tabata ina vyumba 6, koridoni katikati, dari hakuna. Kuta zimeishia chini ya kenchi, juu ni bati tupu. Jirani akiwasha sigara saa tano usiku, moshi unapanda, unavuka ukuta, unashukia kwenye neti ya mwanangu. Asubuhi nikiikunja inanuka kama shati lililotoka baa.

Mama mwenye nyumba kabandika karatasi mlangoni: "Marufuku kuvuta sigara ndani. Asiyetaka ahame." Jamaa kamjibu kwa upole tu, "Mama, imebaki miezi minne. Nirudishie hela yangu nahama hata leo." Mama kimya. Hela yenyewe ilishajenga choo.

Mimi nasema marufuku ni sahihi, ila karatasi ya mlangoni haina meno. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 imelenga sehemu za umma kama hospitali, shule na vyombo vya usafiri. Huku uswahilini tunabaki na mkataba, na mkataba wa wengi wetu ni ukurasa wa daftari wenye jina na kiasi ulicholipa, basi. Sharti la sigara liandikwe kabla kodi haijapokelewa, na pawepo mahali pa kuvutia. Marekani walipopiga marufuku sigara kwenye nyumba za kupanga za serikali, Julai 2018, hawakumwambia mtu aache kuvuta. Walimtoa nje, mita 7 na kitu kutoka kwenye jengo. Sisi tuna mwembe uani.

Mnasemaje?

*Mvutaji, Sinza:* Mkuu, yaani saa tano usiku nitoke nikabwe na vibaka kwa ajili ya neti yako? Halafu niulize: jioni wali unapikia wapi?

*Mleta mada:* Koridoni. Mkaa.

*Mvutaji, Sinza:* Ehee! Na moshi wa mkaa hauvuki ukuta?

*Dada wa Mbagala:* Hapo kakupata, kaka. Ila wewe wa Sinza, jiko linalisha watu, sigara inamlisha nani? Kwetu tulikaa kikao wapangaji wote, mwenye nyumba hayupo. Majiko yakaenda uani, sigara ikaenda uani, na taa ya nje tunachangia LUKU.

*Mvutaji, Sinza:* Taa ikiwepo natoka.