Nani aliwadanganya kwamba mwizi akifia ndani ya geti huna kesi?

Wakuu, nimechoka. Jana kwenye daladala ya Mbagala nimesikia tena abiria wawili wanahakikishiana kwamba ukimuua mwizi ndani kwako huna kesi, polisi wanakuja kubeba maiti tu. Konda naye akaitikia. Nikashuka kabla ya kituo changu, maana ningewatukana.

Maneno hayo hayo ndiyo yaliyommaliza mdogo wangu.

Alikuwa na kibanda cha miamala ya simu. Usiku ule anarudi na hela za siku, wakamvizia wawili wenye pikipiki, mmoja ana panga. Akakatwa mkono wa kushoto. Jirani alikuwa anajenga, nondo zimelala nje ya ukuta. Akaokota kipande, akampiga mwenye panga mkononi, panga likadondoka, mwenzake akawasha pikipiki akakimbia. Mpaka hapo sheria ilikuwa upande wake kabisa. Kisha yule mtu akaanguka, na mdogo wangu akamwongeza mbili za kichwa. Naandika haya kwa sababu mwenyewe aliyasema mahakamani, na sitamtetea kwa uongo.

Watu wakajaa. Yule mtu alikuwa bado anapumua. Mzee mmoja tunayemheshimu akasema: "Mwingizeni ndani, akifia ndani ya geti hamna kesi." Wakamshika miguu wakamburuza. Mchanga ukabaki na mstari wa damu toka barabarani mpaka uani, na ndala moja nje. Kijana mwingine akaokota panga akatokomea nalo, eti linaleta matatizo. Panga lile ndilo lilikuwa linamtetea! Wala hakuna aliyewaza kumpeleka mdogo wangu kituoni achukue PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, akatibiwe na kidonda kiandikwe. Walimfunga kipande cha kitenge, basi.

Polisi walipofika wakakuta nini? Maiti ndani, damu nje, panga hakuna. Kesi ya mauaji, na mauaji hayana dhamana.

Pale kwa hakimu mkazi akaambiwa asijibu chochote, mtaa mzima ukalalamika kanyimwa haki ya kujitetea. Jamani, hakimu yule hana mamlaka ya kusikiliza mauaji! Kesi hiyo ni ya Mahakama Kuu, na huko ndiko alikojibu.

Someni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyokifuata. Hakuna panapouliza mtu kafia upande gani wa geti. Kinachoulizwa ni hatari uliyokuwa nayo dakika ile, na kama nguvu uliyotumia ililingana nayo. Ukiwa na hofu ya msingi kwamba utauawa, utajeruhiwa vibaya, utabakwa au utatekwa, unaweza kujihami hata kwa kuua. Hatari ikiisha, na haki hiyo imeisha. Ukizidisha nguvu mtu akafa, hiyo ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo wanaomvisha tairi mwizi aliyekwisha kufungwa kamba hawajihami chochote. Wanaua, na anayeua kwa kukusudia hukumu yake ni kunyongwa.

Halafu hii ya "athibitishe kama kweli alikuwa anajihami." Siyo kazi yake! Akishaleta utetezi huo, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye kazi ya kuonyesha, bila kuacha shaka, kwamba hakuwa anajihami. Mdogo wangu alihitaji shaka tu. Badala yake alisimama kizimbani akiulizwa jambo moja kwa kila namna: kama ulikuwa unajihami, kwa nini mlimhamisha? Hakuwa na jibu, maana hata hakushika mguu. Alikuwa amekaa chini anatapika.

Jaji alikubali kwamba alivamiwa, akasema alizidisha. Miaka 6. Jioni ile kwenye grupu la mtaa: "Jaji kala hela", "nchi hii ukijihami unafungwa." Walioandika ni wale wale walioburuza.

Kijana wa panga, unajijua. Na wewe mzee wangu, juzi nimekusikia pale kwenye kahawa unamfundisha kijana wa watu maneno yale yale. Shikamoo yako nitaendelea kukupa, ila nikikusikia tena nitasimama palepale, mbele ya wenzako, niwasimulie nani alisema tumwingize ndani.