Kamera ya mirolesi inamaliza betri haraka: niongeze betri, nichukue gripu, pawabenki, au nibadilishe bodi?

Mpigapicha_Mbezi
Wakuu, heshima kwenu. Natumia Sony a6000, mirolesi (kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani), niliyoichukua mtumba, kazi zangu ni harusi na sendofu. Nina betri nne za NP-FW50. Moja orijino ilikuja na kamera, tatu nilinunua mtaani, zimeandikwa 2000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa). Jumamosi zote nne zimekata kabla ya keki, na nilikuwa nimepiga picha 700 hivi. MC anaita mpigapicha, mimi nipo nyuma ya spika natafuta soketi. Nina bajeti ya kitu kimoja tu kati ya hivyo vya kwenye kichwa cha habari: betri za ziada, gripu (kishikio cha chini kinachobeba betri mbili), pawabenki, au bodi, yaani kamera nyingine bila lenzi. Nishaurini.

Fundi Kombo
Kabla hujatoa hata shilingi, tuanze na hizo 2000 mAh. Orijino ya NP-FW50 ni 1020 mAh. Umbo ni lile lile, sasa huyo wa mtaani hiyo nyingine ameichomeka wapi? Namba kwenye stika ni wino tu mkuu. Zipime kwenye mzani wa jikoni: ikiwa nyepesi kuliko orijino, ndani hamna kitu.

Pili, unaivaaje kamera?

Mpigapicha_Mbezi
Mkanda shingoni, inaning'inia tumboni. Huwa siizimi, maana tukio halisubiri.

Fundi Kombo
Basi hapo kuna wizi wa chaji. Pale kwenye tundu la kuchungulia kuna kihisi cha jicho. Shati lako likikigusa kinadhani umeweka jicho, kinawasha skrini ndogo ya ndani. Unatembea ukumbi mzima kamera inafanya kazi bure. Igeuze lenzi iangalie pembeni, au izime kwa swichi. Kuwaka tena ni kitambo kidogo tu. Kisha ingia kwenye menyu uzime Pre-AF, ile inayohangaisha mota ya fokasi hata kama hujagusa kitufe. Weka hali ya ndege. Muda wa kujizima uwe dakika moja. Mwanga wa skrini usiuache kwenye ile ya jua kali wakati uko ukumbini usiku.

MamaStudio
Kombo kasema vizuri ila mimi nasema badilisha bodi, uache kuhangaika. Nilitoka kwenye betri hizo hizo nikaenda a6600, inatumia NP-FZ100 ya 2280 mAh. Kwenye karatasi a6000 ni picha 360 kwa chaji moja ukitumia skrini, a6600 ni 810. Harusi nzima nabadilisha betri mara moja.

Fundi Kombo
Dada, sikatai, ila umwambie na bei. Halafu hizo namba zisomwe kwa akili. Zinatokana na kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani: picha moja kila sekunde 30. Picha 360 ni kama saa tatu kamera ikiwa imewaka. Betri inalipia zaidi muda kuliko picha. Ukifyatua kumi mfululizo unapita namba yao kirahisi, ukisimama nusu saa unangoja maharusi waingie huku skrini inawaka, umekula chaji bila picha hata moja.

Kijana wa Nyali
Salamu kutoka Mombasa. Mbona mnajitesa? Mimi nimenunua pawabenki ya 20,000 mAh. Gawanya kwa 1020, hizo ni chaji kama ishirini. Chomeka USB, endelea na kazi.

Fundi Kombo
Hesabu hiyo imewaponza wengi, ndugu yangu. Pawabenki inahesabiwa kwa volti 3.7, betri ya kamera ni 7.2. Linganisha kwa wati-saa (volti mara mAh, gawanya kwa elfu): pawabenki yako ni 74, betri ni kama 7.3. Kumi hizo, na kuna zinazopotea njiani kwenye kupandisha volti. Ukipata sita au saba shukuru.

Na a6000 haiendeshwi na USB ikiwa imewaka, inachaji ikiwa imezimwa tu. Kwenye ukoo huu wa a6000, kuendesha kwa waya wa USB kulianza na a6300 mwaka 2016. Kwa a6000 itabidi ile betri bandia yenye waya inayoingia kwenye tundu la betri. Kwa video kwenye stendi ni sawa kabisa. Kwa mtu anayekimbizana na bibi harusi, huo waya utamwangusha mpambe.

Kijana wa Nyali
Hapo umenipata. Mimi hufanya mahojiano, kamera haitoki kwenye stendi.

MamaStudio
Na gripu?

Fundi Kombo
Betri zile zile mbili, zimehamia chini na kuongeza uzito. Kama betri ni mbovu umebeba mbovu mbili. Mbezi, fanya hivi: chaji zote nne zijae, weka muda wa kujizima dakika 30, acha skrini imewaka mezani, andika kila moja imedumu muda gani.

Mpigapicha_Mbezi
Nimerudi na majibu. Orijino, pamoja na uzee wake: saa mbili na dakika kumi. Za mtaani: dakika 58, dakika 51, na ya tatu ilisoma asilimia 40 kisha ikazima ghafla kwenye dakika ya 34. Kwenye mzani zote tatu ni nyepesi.

Jana nilikuwa na kitchen party, nimezima hivyo vitu vyote na lenzi nimeigeuza pembeni. Orijino peke yake imefika picha 410. Nachukua orijino mbili, bodi ya MamaStudio naiweka kwenye maombi.

MamaStudio
Zikifika usiziache kwenye gari juani. Na usizihifadhi zimejaa wiki nzima kama huna kazi, ziache nusu.

Fundi Kombo
Ile ya dakika 34 iangalie ubavuni. Kama imevimba usiirudishe kwenye kamera, itakwama.

Mpigapicha_Mbezi
Ilishakwama mwezi uliopita, fundi. Niliitoa na kibano cha nyusi cha mke wangu.