Maji ya mwarobaini kuzuia kutu kwenye bomba la pampu: yanafaa kweli?

Mkulima wa Ahero

Habari zenu wanajukwaa. Kikundi chetu kina bomba la chuma la inchi 4, lenye urefu wa mita 60, linalopeleka maji ya Mto Nyando kwenye majaruba ya mpunga, na kila msimu tunamwita fundi wa kuchomelea azibe matundu mapya. Niliposikia kwamba mwarobaini huzuia kutu, niliyachemsha majani yake, nikayachuja, nikatumbukiza misumari mitatu humo na mingine mitatu kwenye maji ya mto. Baada ya wiki mbili, misumari ya maji ya mto ilikuwa imevaa kutu nyekundu, ilhali ile ya mwarobaini ilikuwa myeusi na maji yake yamekuwa kama wino. Hata hivyo chupa hiyo ilinuka, na utando mweupe ulikuwa umetanda juu. Je, tuyatie maji haya kwenye bomba letu?

Mwalimu wa kemia, Nakuru

Ndugu, jaribio lako ni zuri, na huo weusi una maelezo yake. Majani ya mwarobaini yana tanini, kemikali ya mimea yenye ukakasi, ambayo ikikutana na madini ya chuma yaliyoyeyuka huunda kitu cheusi chenye asili ya bluu. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, molekuli nyingi za mimea zina oksijeni, nitrojeni au salfa, na kwa sehemu hizo hujishikiza juu ya chuma na kukifunika, ili asidi au maji yasikifikie kwa urahisi.

Lakini tazama majaribio mengi ya aina hii hufanyika wapi. Kipande cha chuma huwekwa ndani ya asidi ya haidrokloriki au ya salfa kwa saa kadhaa, hupimwa uzito kabla na baada, na hapo ndipo zinapotoka zile asilimia 80 au 90 zinazosifiwa. Ikiwa kipande kimoja kimepoteza gramu 2 kwenye asidi tupu, na mwenzake gramu 0.3 kwenye asidi yenye maji ya mmea, kinga ni asilimia 85. Maji yako si asidi. Yanakuja na oksijeni na matope, na yanapita mara moja tu.

Fanya hesabu. Tuseme pampu yako inatoa lita 500 kwa dakika, nawe unahitaji nusu gramu ya unga wa mmea kwa kila lita. Hizo ni gramu 250 kwa dakika, yaani kilo 15 kila saa, zote zikiishia shambani. Ni mwarobaini gani utakaoyatosheleza mahitaji hayo?

Harufu nayo usiipuuze. Bakteria wanakula mabaki ya majani, na ute wao ukigandamana ndani ya bomba, chuma kilicho chini yake huweza kuliwa kwa vishimo vyembamba hadi kikatoboka, hata kama sehemu nyingine zote ni nzima.

Mhudumu wa boila, Muhoroni

Nakubaliana na Mwalimu. Kwenye boila, yaani mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke, tanini ya mimea ina historia ndefu, kwa sababu hufyonza oksijeni iliyobaki majini, na maji yale yale huzunguka, kwa hiyo dawa haipotei. Pia tunapoondoa ukoko wa madini ya maji kwa asidi, hatuthubutu kuitumia bila kizuia kutu, maana itamaliza ukoko kisha ianze kula bomba lenyewe. Kazi za namna hiyo ndizo ninazoona zinaufaa mmea.

Mkulima wa Ahero

Asanteni sana, nimeelewa kuhusu ndani ya bomba. Je, kwa nje? Jirani yangu aliyetoka Eldoret anasema magome ya muwati yana tanini nyingi kuliko mwarobaini.

Mwalimu wa kemia, Nakuru

Jirani yako yuko sahihi. Magome ya muwati yamevunwa kwa ajili ya tanini ya kutengenezea ngozi kwa miaka mingi. Kwa nje yanaweza kukusaidia. Kwangua kutu inayobanduka kwa brashi ya waya, upake maji mazito ya magome yaliyochemshwa, uyaache yakauke hadi kutu iliyobaki igeuke nyeusi, kisha upake rangi ya kuzuia kutu juu yake bila kukawia, kwa kuwa weusi huo peke yake hautastahimili mvua. Sehemu iliyozikwa ardhini inahitaji kupakwa lami na kuzungushiwa utepe.

Na kabla ya kupaka mita zote 60, chukua vipande viwili vya bomba kuukuu, kimoja ukipake muwati na rangi, kingine rangi peke yake, uvifunge kando ya pampu hadi msimu ujao. Misumari yako nayo isugue kutu yote, ukaipime kwa mizani ya sonara pamoja na misumari mipya ya aina ile ile, kwa sababu msumari mweusi unaweza kuwa umepungua bila jicho kuona.