Naomba ushauri: katuni za tabianchi kwa darasa la tano

Habari zenu wakuu. Nafundisha huku Igombe, Mwanza, na ongezeko la joto duniani naelezea kwa katuni. Nilichora Dunia kajifunika blanketi la hewa ukaa, jasho linamtoka. Wakacheka, kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona halivui?" Nikakwama.

Wanauliza pia, kama joto limezidi, kwa nini mwaka 2020 ziwa lilijaa badala ya kukauka? Najua hewa ya joto hubeba mvuke mwingi zaidi, mvua ikija inakuwa ya kumwaga. Lakini kulichora hilo kwa picha tatu kumenishinda. Anayeeleweka ni dagaa wangu anayeongea tu (tena wanamgombania).

Mliowahi kufanya hivi, mlianzia wapi? Rangi sina, ni manila na makapeni mawili.