Keki 60 za vikombe, hema la nje Kakamega: ni krimu gani ya chokoleti haitateremka?

mwiko_wa_kondele
Habari zenu wapishi. Nina oda ya keki 60 za vikombe za chokoleti. Zinaokwa hapa Kisumu Ijumaa, zinasafiri Jumamosi asubuhi kwa gari la Probox hadi Kakamega kwenye sherehe ya mahari, na zitakaa mezani chini ya hema kuanzia saa sita hadi watu wamalize kula, tuseme saa tisa. Mwenye sherehe anataka krimu ya chokoleti iliyosimama juu kwa mzunguko, siyo ya kupaka tu.

Nilichonacho ni oveni ya gesi, trei mbili za mashimo 12, mikisa ya mkono na friji ya kawaida.

Nachagua kati ya krimu ya siagi na sukari laini, ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa kwenye krimu ya maziwa ya moto), au krimu ya maziwa ya kuchapwa. Ipi itavumilia? Na la pili: keki zenyewe zinatoa nundu kali katikati na kupasuka, halafu vikaratasi vinaachana na keki zikipoa. Natumia unga ule wenye beking pauda ndani, gramu 250, naongeza beking pauda vijiko 2 vya chai, oveni nyuzi 200.

bi_sukari_milimani
Dada, krimu ya maziwa ifute kwenye orodha leo. Ile husimama kwa sababu mafuta yake yako baridi. Ikifika nyuzi 20 na kitu inaanza kulegea, na kwa hali ya hewa ya ziwani itakuwa imelala kabla hujafika Kiboswa.

Siagi tupu nayo ni ya wasiwasi. Siagi hulainika kabisa karibu na nyuzi 28 na huyeyuka kati ya 32 na 35. Mchana wa Kisumu ni nyuzi 30 hivi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani ni zaidi ya hapo. Watu hulaumu sukari kwamba haikutosha, wanaongeza sukari, krimu inakuwa tamu ya kuumiza meno na bado inateremka. Kinachoshikilia mzunguko ule ni mafuta. Sukari inasaidia kidogo tu.

Kwa hiyo gawanya mafuta. Nusu siagi, nusu mafuta meupe magumu ya kopo, aina ya Kimbo. Kipimo kimoja:

siagi isiyo na chumvi gramu 250
mafuta meupe gramu 250
sukari laini ya krimu gramu 900, iliyochungwa
kakao gramu 150, iliyochungwa
maji ya moto mililita 100
chumvi nusu kijiko cha chai
vanila vijiko 2 vya chai
kahawa ya unga ya kuyeyuka kijiko 1 cha chai

Kakao na kahawa zikoroge kwanza kwenye maji ya moto hadi upate uji mzito kabisa, kisha uache upoe hadi usihisi joto lolote ukigusa. Hatua hii wengi huiruka. Kakao ikikorogwa na maji ya moto inatoa ladha yote na rangi inakoza; ikitupwa kavu kwenye siagi inabaki na vumbi mdomoni. Lakini uji ukiingia ukiwa na joto, siagi inayeyuka papo hapo na hutaweza kuirudisha bila friji.

Chapa siagi na mafuta dakika 5 hadi rangi ipauke. Tia sukari kwa mafungu matatu, mikisa ikiwa polepole, la sivyo jiko zima litakuwa jeupe. Mwisho uji wa kakao, vanila na chumvi. Chapa dakika 2 tu baada ya hapo. Ukizidisha unaingiza mapovu ya hewa na mzunguko unatoka na matundu.

Utapata kama kilo 1.6. Mzunguko wa kawaida unakula gramu 40 kwa keki, hivyo keki 60 zinataka kilo 2.4. Fanya kipimo kimoja na nusu.

fundi_oveni_nakuru
Nakubaliana na Bi Sukari kuhusu siagi tupu, ila mafuta ya kopo nusu kwa nusu yanaacha utando kwenye kaakaa. Mtu anakula keki, anakunywa soda baridi, na utando unaganda palepale. Kwa sherehe ya watu wazima mimi ningesema ganashi.

Gramu 800 za chokoleti nyeusi kwa mililita 400 za krimu ya maziwa yenye mafuta asilimia 35. Katakata chokoleti ndogondogo, chemsha krimu hadi ianze tu kutoa mapovu pembeni, mwaga juu, acha dakika 3 bila kugusa, kisha koroga kutoka katikati kwenda nje. Acha usiku kucha nje ya friji ikiwa imefunikwa na karatasi ya plastiki iliyogusana nayo, isifanye ngozi. Asubuhi inakuwa nzito ya kupaka.

Ikiachana na kuonekana kama supu yenye mafuta juu, usiitupe. Kijiko kikubwa kimoja cha maziwa ya vuguvugu, koroga katikati taratibu, inarudi. Huachana mara nyingi kwa sababu krimu ilichemka kupita kiasi au maji ni kidogo kuliko mafuta.

Chokoleti ya maziwa ni laini zaidi, hiyo iende tatu kwa moja.

bi_sukari_milimani
Fundi, ganashi ya mbili kwa moja kwa nyuzi 30 haimwagiki, sawa, lakini haisimami pia. Inalala kwenye keki iking'aa. Mwenye oda ametaka mzunguko. Huko Nakuru kwenye mita 1,850 mnaokea karibu na friji, msitupangie sisi wa ziwani.

Kuhusu utando una haki. Anayeuogopa apunguze: siagi gramu 325 kwa mafuta ya kopo gramu 175. Chini ya hapo kwenye joto hili sitashauri. Chumvi na kahawa pia zinasaidia kuficha ule uzito.

fundi_oveni_nakuru
Haya, ya ziwani nawaachia. Basi mpatanishi: ganashi iwe ndani, krimu iwe juu. Toboa keki iliyopoa kwa kisu kidogo, tundu la kina cha sentimita 2, jaza kijiko cha chai cha ganashi ya chokoleti na krimu sawa kwa sawa, funika na kipande ulichotoa, halafu pamba kwa krimu ya Bi Sukari. Gramu 200 za chokoleti na mililita 200 za krimu zinatosha keki 60. Ladha ya chokoleti halisi inatoka hapo, na hakuna atakayeuliza juu kuna nini.

Sasa keki zenyewe, maana hapo ndipo kuna kasoro. Unga wenye beking pauda ndani tayari una ya kutosha. Ukiongeza vijiko 2 umeweka karibu mara mbili. Na kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari ndivyo gesi inavyotanuka zaidi, kwa sababu hewa ya huko juu inabana kwa nguvu ndogo. Kisumu si pwani, iko zaidi ya mita 1,100. Keki inapanda kwa pupa, juu panakauka kwa nyuzi 200 kabla ya katikati kuiva, halafu katikati panatafuta njia ya kutokea. Hiyo ndiyo nundu na ule mpasuko.

Tumia unga wa ngano wa kawaida wa kuokea, ule wa chapati usio na hamira nao unaenda, upime mwenyewe. Kwa keki 24:

unga gramu 250
kakao gramu 70
sukari gramu 330
beking pauda kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu
magadi soda ya kuokea kijiko 1 cha chai
chumvi nusu kijiko cha chai
mayai 2
mala (maziwa ya kuganda) mililita 250
mafuta ya maji ya kupikia mililita 120
maji ya moto mililita 200

Vikavu pamoja, vichungwe. Mayai, mala na mafuta pamoja. Changanya kwa mchapo wa mkono hadi usione unga, basi. Maji ya moto mwisho. Utaona rojo jepesi kama uji wa mtoto, usishtuke, usiongeze unga.

Mala ina asidi, ndiyo inayoiamsha soda. Ukiweka maziwa ya kawaida badala yake, soda inabaki na keki inanuka sabuni. Mafuta ya maji nayo yana sababu: keki ya siagi ikiingia friji inakakamaa, hii haikakamai, na wewe utasafirisha zikiwa baridi.

Jaza theluthi mbili ya kikaratasi, gramu 50 hadi 55 kila kimoja. Nyuzi 170, dakika 18 hadi 20.

mama_trei
Niongeze kwenye oveni ya gesi. Moto uko chini, kwa hiyo trei ya chini inaungua matako na ya juu inabaki mbichi. Oka moja moja kwenye reli ya katikati. Rojo linaweza kungoja dakika 20 bila shida, si saa nzima. Ndiyo maana usikoroge keki 60 kwa mpigo; koroga vipimo vitatu vya 24, upate 72, zile 12 za ziada ni za kuonja na za ajali za barabarani.

Usifungue mlango kabla ya dakika 15. Na kile kipimajoto cha kwenye kitasa cha oveni za gesi kinadanganya sana. Cha kuning'iniza ndani kinauzwa maduka ya vifaa vya keki na hakigharimu kama unga ulioungua.

Vikaratasi kuachana ni mvuke. Keki ikikaa kwenye trei ya moto, au ikifunikwa kabla haijapoa, mvuke unaingia kati ya keki na karatasi. Zitoe kwenye trei baada ya dakika 5, ziweke kwenye wavu, usifunike hadi zipoe kabisa. Keki mbichi kidogo katikati pia inaleta hilo. Kijiti kitoke na makombo machache makavu, kisitoke na rojo. Vikaratasi vyembamba sana vya bei ya chini navyo huachana hata ufanyeje. Nunua vile vizito visivyopenya mafuta.

otieno_wa_jikoni
Swali dogo: hii kakao ni ile ile ya kunywa?

mama_trei
Hapana ndugu. Ile ya kunywa ni sukari nyingi na kakao kidogo. Ukiipima gramu 150 kwenye krimu unapata rangi ya chai ya maziwa na utamu wa kupindukia. Soma nyuma ya pakiti. Viungo viwe kakao peke yake.

jirani_wa_lurambi
Mimi niko Kakamega, niseme ya huku. Huku ni mita 1,500 hivi, kuna ubaridi kuliko Kisumu, kwa hiyo shida yenu kubwa ni ile safari na si hema. Ila mchana huku mvua haina adabu. Meza ya keki isiwe ukingoni mwa hema.

Safari ni kilomita kama 50, na kati ya Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali matuta hayahesabiki. Usizipange keki kwenye boksi tupu, zitalala ubavu. Tafuta maboksi yenye vishimo, au weka trei yenyewe ndani ya katoni lenye kimo. Acha sentimita 3 kati ya ncha ya krimu na kifuniko. Maboksi yakae sakafuni nyuma, pale pa bapa, si juu ya viti, maana viti vimeinama.

Pamba Ijumaa usiku, weka friji bila kufunika kwa saa moja krimu ishike, kisha ufunge maboksi. Gandisha chupa za maji, zifunge kwa taulo uziweke pembeni ya maboksi, zisigusane nayo. Barafu ya wauza samaki usiikaribie, harufu inaingia kwenye siagi na haitoki.

Mkifika, msifungue maboksi mara moja. Keki baridi ikikutana na hewa yenye unyevu inatoa jasho, matone yanakaa juu ya krimu na rangi inakuwa na madoa. Acheni dakika 40 yakiwa yamefungwa, jasho liwe nje ya boksi.

mwiko_wa_kondele
Nawashukuru sana. Nimeamua: ganashi ndani, krimu ya siagi 325 na mafuta 175 juu, keki za mala. Mbili za mwisho. Je, sukari laini naweza kusaga mwenyewe kwenye blenda? Na pua ya kupambia iwe ya ukubwa gani?

bi_sukari_milimani
Ya blenda inabaki na chembe, utazisikia kwenye meno. Ya dukani inasagwa laini zaidi na huwa na wanga kidogo wa mahindi unaozuia isishikane. Nunua, uichunge hata hivyo.

Pua ya nyota iliyo wazi, mdomo wa sentimita 1 hadi 1.3. Ndogo zaidi ya hapo mkono utakuuma kabla ya keki ya ishirini, na joto la kiganja litaanza kulainisha krimu ndani ya mfuko. Jaza mfuko nusu tu. Ukiona inalegea, weka mfuko mzima friji dakika 10, chukua mwingine. Anza ukingoni, zunguka mara mbili kwenda katikati, acha kubinya kabla ya kuinua mkono.

Na usingoje Jumamosi kujua kama nipo sahihi. Alhamisi pamba keki tatu: moja kwa 325/175, moja kwa nusu kwa nusu, moja kwa siagi tupu. Ziache kivulini barazani saa nane mchana kwa saa mbili, pima kimo kwa rula kabla na baada. Ile ya 325 ikipungua zaidi ya nusu sentimita, nenda nusu kwa nusu.

jirani_wa_lurambi
Na hizo tatu za majaribio kuna mtu Lurambi anaweza kuzipokea.