Aliyeshindwa kesi amlipe mwenzake gharama?

Mtoa mada: Hapa Tanzania, kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinaipa mahakama hiari juu ya gharama za kesi, lakini kwa desturi tuliyoirithi kwa Waingereza aliyeshindwa humlipa aliyeshinda, na hakimu akiamua vinginevyo hana budi kuandika sababu. Marekani kwa kawaida kila upande hujilipia wakili wake. Je, utaratibu wetu unazuia kesi za ovyo, au unawazuia wenye haki wasio na fedha?

Mwanasheria Mtarajiwa: Ndugu, utaratibu huu tusiuguse. Mjini Washington jaji mmoja wa mashauri ya kiutawala alimshitaki dobi kwa suruali moja iliyopotea, akadai dola milioni 54. Alishindwa mwaka 2007, lakini wenye duka walisaidiwa na michango ya watu kumlipa wakili wao. Hapa kwetu, ambako watu huandikiwa hati na vishoka, yaani watu wanaofanya kazi ya uwakili bila kuwa mawakili, bila hofu ya gharama mahakama zingefurika.

Binti Mkulima: Hilo neno vishoka limenichoma. Marehemu baba aliandikiwa madai ya shamba lake na karani mstaafu kwa sababu wakili alitaka fedha ambazo shamba lenyewe lisingeweza kuzitoa. Shauri likatupwa kwa kasoro ya hati, hoja zake zisisikilizwe, kisha ng'ombe wakakamatwa kufidia gharama za mshindi. Alifanya upuuzi gani?

Wakili wa Mkoa: Pole sana dada, lakini usitubebeshe sisi lawama. Bili ya gharama hukaguliwa kwa viwango vya Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 na mara nyingi hupunguzwa, kwa hiyo hata mshindi harudishiwi vyote. Wakili akiharibu kesi yako unaweza kumlalamikia akaondolewa kwenye orodha ya mawakili. Kishoka utamshitaki wapi?

Mzee Shauri: Wakili, dada amekuuliza kuhusu ng'ombe, wewe unajibu kuhusu orodha. Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu haitoi amri ya gharama isipokuwa shauri liwe la ovyo au la kuudhi, na mfanyakazi aliyeshindwa kwa nia njema haondoki na deni la mwajiri. Kwa nini mwenye shamba asipewe kinga hiyohiyo? Jimbo la Florida lilijaribu utaratibu kama wetu katika kesi za uzembe wa madaktari mwaka 1980, likaufuta mwaka 1985, kwa kuwa wagonjwa walioshindwa wengi hawakuwa na cha kulipa.

Mtoa mada: Nasi tuna fundisho letu, ile amana ya kesi za uchaguzi, fedha ambazo anayepinga matokeo alipaswa kuziweka mahakamani kwanza.

Mzee Shauri: Shilingi milioni 5, bila hiyo kesi haikupangiwa tarehe. Mahakama ya Rufani iliibatilisha mwaka 2002 kwa kuwa ilimfungia mlango asiye na fedha, hata kama madai yake yalikuwa mazito. Wakenya hadi leo wanadai shilingi milioni 1 kwa anayepinga matokeo ya urais.

Wakili wa Mkoa: Amana hutangulia kesi, gharama huja baada ya hukumu, tusizichanganye. Kinga ya mashauri ya ardhi nitaiunga mkono ikipelekwa bungeni, ila sitakubali kishoka alindwe kwa kisingizio cha umaskini wa mteja.

Binti Mkulima: Nani ameomba kishoka alindwe?