MREJESHO: Chakula cha wenyeji Hanoi, nimekipata

Wakuu, niliuliza wapi nitakula chakula halisi cha Kivietnam nikifika Hanoi. Asanteni sana, hasa aliyeniambia nitafute vibanda vinavyouza chakula cha aina moja tu. Nilidamka saa kumi na mbili, nikaketi kwenye kistuli cha plastiki pale Mji Mkongwe wa Hanoi, nikaletewa phở ya ng'ombe: tambi za mchele, supu inayonukia mdalasini, limau na pilipili pembeni. Tamu mno, nilikunywa hadi tone la mwisho!

Bún chả (nyama ya nguruwe ya kuchoma na tambi za mchele) niliikosa siku ya kwanza. Nilienda usiku, nikakuta jiko limeshazimwa. Ni chakula cha mchana, nendeni saa sita. Ushauri wa kuulizia hotelini haukunifaa, walinielekeza kwenye mgahawa wa watalii.